Katazo na Siri: Urithi wa Sheria na Matarajio ya Mgonjwa Jijini Bujumbura

Utangulizi

Mtaa wa Mutanga Nord, katika eneo la Gihosha jijini Bujumbura, hauko mbali na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kamenge nayo iko upande huohuo wa kaskazini wa jiji. Kwa mwanamke wa hapo anayetafuta kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, au anayetokwa na damu baada ya mimba kutoka, umbali si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni swali: akifika, atatibiwa au atashtakiwa? Makala haya yanadai kwamba swali hilo lina historia. Sheria ileile iliyoleta katazo la kutoa mimba ilileta pia wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. La kwanza limejulikana na kila mtu. La pili limebaki ndani ya vitabu vya sheria.

Sheria iliyosafiri

Kanuni ya adhabu ya Ubelgiji ya mwaka 1867, katika vifungu vya 348 hadi 353, iliweka utoaji mimba miongoni mwa makosa dhidi ya utaratibu wa familia na maadili ya umma. Kifungu cha 458 cha kanuni hiyohiyo kilimwadhibu daktari, mfamasia au mkunga anayefichua siri aliyoipata kazini. Mwaka 1923 Ubelgiji ilipiga marufuku hata kutangaza njia za kuzuia mimba. Huo ndio mwaka ambao utawala wake juu ya Ruanda-Urundi, chini ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ulikuwa ukijengeka.

Kanuni ya adhabu ya Kongo ya mwaka 1940, iliyotumika pia Ruanda-Urundi, ilikataza utoaji mimba bila kutaja wazi ruhusa yoyote ya kitabibu. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini katazo halikuondoka na bendera. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1981 ilifungua mlango mwembamba: daktari aweza kuitoa mimba inapohatarisha uhai wa mama au kutishia afya yake vibaya, pasipo njia nyingine ya kumwokoa. Marekebisho ya mwaka 2009 na ya mwaka 2017 hayakuupanua mlango huo kwa kiasi kikubwa.

Wakati huohuo, chimbuko la sheria lilibadilika. Mwaka 1990 Bunge la Ubelgiji lililegeza katazo. Mfalme Baudouin alikataa kutia saini kwa sababu za dhamiri, akatangazwa kwa muda kuwa hawezi kutawala, na mawaziri wakaipitisha sheria kwa niaba yake. Majirani nao walisogea. Rwanda iliondoa mwaka 2012 pingamizi lake kwa Itifaki ya Maputo ya 2003, ambayo kifungu chake cha 14 kinaruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali za ubakaji, maharimu na hatari kwa mama. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliichapisha itifaki hiyo katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018. Burundi iliitia saini mwaka 2003, lakini haikuiridhia.

Vita na saa 72

Historia ya huduma ilifuata njia nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliwaacha wanawake wengi na majeraha ya ubakaji. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua jijini Bujumbura kituo cha Seruka, ambacho baadaye kiliendelezwa na Warundi wenyewe. Katika huduma ya aina hiyo, kidonge cha dharura huenda pamoja na dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72.

Kidonge chenyewe kilikuwa na umri mdogo. Njia ya daktari Yuzpe wa Kanada ilianza miaka ya 1970. Mwaka 1998 utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kuwa levonojestreli peke yake hufanya kazi vizuri zaidi na kwa maudhi machache. Dawa hiyo huzuia au kuchelewesha yai kupevuka. Haiiharibu mimba iliyokwisha kutunga, na kwa hiyo katazo la kutoa mimba haliihusu. Kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyosaidia. Kitanzi cha shaba, kikiwekwa ndani ya siku 5, hukinga zaidi ya kidonge.

Neno moja, hali mbili

Lugha ya faili za hospitali imezidisha hofu. Kwa Kifaransa, neno avortement humhusu aliyetoa mimba na yule ambaye mimba yake imetoka yenyewe. Kiswahili, kinachosemwa Buyenzi na Bwiza tangu enzi za ukoloni, hutenganisha: kutoa mimba ni tendo, mimba kutoka au kuharibika ni tukio. Mama aliyempoteza mtoto aliyemtamani anaweza kuandikiwa neno lilelile ambalo sheria inaliita kosa.

Tiba, hata hivyo, haitofautiani. Mkutano wa Kairo wa mwaka 1994 ulikubaliana kwamba katika hali zote mwanamke mwenye madhara yatokanayo na utoaji mimba apate huduma bora. Mgonjwa atarajie kuulizwa dalili zake, kupimwa damu na maambukizi, kupewa dawa ya maumivu, kusafishwa mji wa mimba kwa misoprostoli au kwa pampu ya kufyonza, na kushauriwa kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kuondoka. Homa, maumivu makali au damu nyingi ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Hitimisho

Vifo vya uzazi nchini Burundi vilikadiriwa kuwa 500 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, na 334 katika ule wa 2016-17. Mafanikio hayo yalikuja baada ya serikali, mwaka 2006, kufuta malipo ya kujifungua. Ada iliondolewa kwa tangazo. Hofu haijapata tangazo lake. Mjadala wa kuridhia Itifaki ya Maputo ni wa Bunge, na unaweza kuchukua miaka. Kuandika katika kila kituo cha afya, kwa Kirundi na Kiswahili, kwamba kidonge cha dharura si kosa, kwamba anayetokwa na damu hutibiwa kwanza, na kwamba mhudumu anafungwa na siri ya kazi, hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji kusoma hadi mwisho ile ya zamani.