Nakala Iliyookolewa na Giza

Tarehe 27 Juni 2017, kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk zilianza kuzimika moja baada ya nyingine, kuanzia makao makuu yake Copenhagen hadi kwenye bandari za mabara mengine. Programu haribifu iliyokuja kuitwa NotPetya ilikuwa imepenyezwa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu inayotumika sana nchini Ukraine. Ilijifanya kudai kikombozi, ilhali kazi yake halisi ilikuwa kuangamiza. Februari 2018, Marekani na Uingereza zililitaja jeshi la Urusi kuwa ndilo lililohusika, Urusi ilikana.

Maersk haikukosa nakala. Orodha ya watumiaji wake wote na ruhusa zao ilitunzwa katika seva zipatazo 150 duniani kote, na kila moja ilibeba kile kilichobebwa na nyingine. Hesabu ya waliobuni mpango huo ilieleweka: seva moja ikifa, zitabaki nyingine nyingi. Hawakutarajia kwamba zote zingeweza kufa kwa pamoja, kwa sababu njia ile ile iliyosambaza taarifa ndiyo iliyosambaza maangamizi.

Ilipona moja tu, katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika pale kabla ya shambulio, na seva ikawa imezima. Intaneti ya ofisi hiyo ilikuwa ya polepole mno kurusha data nyingi kiasi kile, na wafanyakazi wake hawakuwa na viza ya Uingereza. Hivyo mmoja wao aliibeba diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaruka nayo hadi London. Kwa siku kumi hivi kampuni ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho kuhusu umeme wa Afrika. Mimi nakiona kuwa somo juu ya tofauti kati ya nakala na kioo. Kioo huonyesha kilichopo mbele yake kwa uaminifu. Ukijikata uso, nacho huonyesha jeraha papo hapo. Seva zile zilikuwa vioo. Nakala ya kweli ni ile isiyosikia amri inayotolewa mtandaoni, iwe ya adui, ya mfanyakazi mwenye kinyongo au ya programu yenye kasoro.

Maarifa haya si mapya. Tangu miaka ya 1950, IBM ilipoanza kuuza mashine za kanda za sumaku kwa ajili ya kompyuta, ofisi zilizoea kuchomoa kanda, kuibandika tarehe na kuifungia kabatini. Diski zilipokuwa rahisi kupatikana, desturi hiyo ilianza kuonekana ya kizee. Lakini Februari 2011, kasoro ya programu ilipofuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zake katika vituo mbalimbali vya data, Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda. Kasoro haikuweza kuzifikia kwa sababu hazikuwa mtandaoni.

Hata hivyo, kuitenga nakala na mtandao ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni ya kisiasa: ufunguo wa kabati anao nani? Historia yetu inalo jibu chungu. Utawala wa Kiingereza ulipokuwa ukifungasha virago katika makoloni, ulichoma nyaraka nyingi zilizoweza kuuaibisha na kuhamisha nyingine. Majalada yapatayo 1,500 kutoka Kenya yalifichwa Uingereza, na uwepo wake ukakubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, katika kesi ya wazee walioteswa wakati wa Mau Mau. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Majalada yale yalinusurika moto, lakini kwa karibu nusu karne yalikuwa mikononi mwa mshtakiwa. Wapo waliofariki wakisubiri.

Leo hatimiliki ya shamba, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani na mafao ya mwalimu mstaafu vinahamia kwenye seva. Nauunga mkono uhamisho huo. Lakini mjane ambaye jina la marehemu mumewe limetoweka kwenye daftari la ardhi hatajali kama lilifutwa na mdukuzi wa ng'ambo au na karani aliyehongwa. Atakachohitaji ni nakala ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuigusa.

Wataalamu wana kanuni fupi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mahali pengine. Ningeongeza kwamba moja iwe imechomolewa kabisa, funguo zake zishikwe na watu wawili wa idara tofauti, na irejeshwe kwa majaribio mara kwa mara. Husemwa akiba haiozi, lakini kanda isiyojaribiwa huweza kuoza bila mtu kujua.

Tutaambiwa hakuna fungu la bajeti. Septemba 2025, moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya jengo. Ilielezwa kuwa ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Ikiwa taifa tajiri kiasi kile limeangushwa na kisingizio hicho, mtumishi wa umma anayesoma haya amuulize mkuu wake kesho: nakala yetu iliyochomolewa iko wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini?