Wangechi Mutu Huchora Mwanamke Aje? Cheki Hii Kabla Useme "Hata Mtoi Anaweza"

Ukizunguka Matuu, mwanamke mwenye utamwona amechorwa ni yule wa ukuta wa saluni. Shingo ndefu, ngozi inang'aa, nywele imelala fiti, anakuangalia ni kama uko na deni lake. Sasa chukua huyo dame, mtoe mguu mmoja, mwekee kipande cha pikipiki, mbandike mdomo wa mtu mwingine, halafu ngozi yake ijae madoa ya wino kama ya chui. Hapo umeanza kukaribia Wangechi Mutu.

Kama humjui: alizaliwa Nairobi 1972, akasomea Loreto Msongari, akaenda Wales, kisha New York pale Cooper Union, na 2000 akamaliza Yale. Mimi chuo nilikiacha katikati so sitakuchosha na maneno ya darasani. Jua tu kuna sanaa ya dhahania, ile ya rangi na maumbo bila sura ya kitu unachojua, na yeye ameweka mguu mmoja ndani na mwingine nje. Ukisimama mbali unaona madoa. Ukisonga karibu, kuna mwanamke anakucheki.

Sasa, anafanya aje? Picha zake nyingi zinazojulikana ziko juu ya Mylar, karatasi fulani ya plastiki. Plastiki hainywi wino, so ukimwaga unatulia juu, unatengeneza vidimbwi, ukikauka unabaki na alama kama ngozi yenye jeraha ama ugonjwa. Kisha anabandika vipande alivyokata: macho na midomo kutoka majarida ya fashoni, miguu kutoka majarida ya watu wazima, wanyama, vyuma vya piki. Hapo ndio ujanja uko. Hizo majarida ndizo zimekuwa zikituambia dame mrembo anakaa aje, na yeye anazikatakata anamjenga mwingine.

Na si utundu tu. Mwaka 2001 alitoa msururu wa Pin-Up. Kwa mbali ni warembo wa kalenda, wale wa kuposi. Karibu, unagundua wengine hawana mkono ama mguu, kwa sababu alikuwa anafikiria vita vya Sierra Leone, penye watu walikatwa viungo na almasi ikalipia bunduki. Kuna kazi ingine ya vipande 12 alichukua michoro ya zamani ya madaktari kuhusu uvimbe wa mfuko wa uzazi, kila ukurasa akaugeuza uso wa mwanamke. Manze, hiyo usiangalie ukikula.

2014 alifanya maonyesho London na jina akaliacha kwa Kiswahili: Nguva na Nyoka. Wasee wa Pwani wanaijua hiyo stori ya mwanamke wa baharini. Na kama wewe ni wa muziki, 2013 alitengeneza katuni fupi na Santigold, The End of eating Everything, dame mkubwa kama kisiwa anameza kila kitu mbele yake.

Lakini kazi yenye ilinishika si mchoro. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina vibweta vinne ukutani mbele, vilijengwa viwekwe sanamu, vikakaa tupu zaidi ya miaka 100. Septemba 2019 Wangechi akawa msanii wa kwanza kuvijaza: wanawake wanne wa shaba, wameketi, wamezungushiwa mikunjo kama kamba kuanzia shingoni, na visahani vinavyong'aa kichwani ama usoni, vinakumbusha vile vya mdomo vya Wamursi wa Ethiopia.

Sasa elewa hii. Kwa sanaa ya zamani, mwanamke wa sanamu mara nyingi ni wa kubeba. Wagiriki walimsimamisha kama nguzo, paa likae kichwani. Waluba wa Kongo walimchonga chini ya kiti cha chifu, amepiga magoti, mikono juu, mkubwa akalie. Wangechi alijua hizo zote. Wake ameketi tu, mgongo umenyooka, mikono imetulia.

Nilimwonyesha susu wangu hizo picha kwa simu. Susu amebeba maji ya mfereji wa Yatta na kuni miaka yake yote, hadi ukanda wa kiondo umemwachia mfereji wake kwa paji la uso. Nilidhani atasema ni mashetani. Alizisongesha kwa kidole, moja moja, hadi ya nne, akarudi ya kwanza.

"Na hawa," akaniuliza, "mizigo yao wameiweka wapi?"

Nikamwambia hawana. Akaniambia nisizime simu kwanza.