Kutoka kamchape hadi Murufiti: Historia ndefu ya kujichukulia sheria mkononi Kigoma

Mwanzoni mwa Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa mapanga na moto. Watano kati yao walikuwa wamevuka umri wa miaka 60. Walituhumiwa uchawi. Waliowaua hawakuwa majambazi waliovuka mpaka usiku. Walikuwa wanakijiji wenzao, watu waliozika nao na kuoza nao watoto. Polisi mkoani Kigoma walitangaza kuwakamata watu 23, akiwamo mganga wa kienyeji.

Habari ile ilisikika hadi nje ya nchi, kisha ikapoa. Lakini mambo ya Murufiti hayakuanza siku ile. Yana mizizi ya zaidi ya miaka 80, na mizizi hiyo haikuota vijijini peke yake. Imepita pia katika vituo vya polisi na ofisi za serikali, kwa kuwa kila mahali hapo, kwa wakati wake, wamepatikana watu walioamini kwamba mtuhumiwa anaweza kumalizwa bila kumfikisha kwa hakimu.

Wauza dawa wa kijiji hadi kijiji

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana walitokea Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakizunguka vijijini na dawa waliyodai kuwa inawafichua wachawi na kuwatakasa. Waliitwa mchape. Wakavuka hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, ambako mtafiti Audrey Richards aliwakuta kwa Wabemba na kuandika habari zao mwaka 1935. Wimbi hilo likafika kusini-magharibi mwa Tanganyika. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis aliwachunguza vijana wa aina hiyo Ufipa, wakijulikana kwa jina la kamchape. Huku Kigoma jina hilo halijafa. Wengine huwaita lambalamba.

Kazi yao inafahamika na kila aliyekulia vijiji vya mkoa huu. Wanakijiji huchanga fedha, kamchape huitwa, watu hukusanywa. Nyumba huingiwa, sakafu hufukuliwa, na mara hutolewa pembe au tunguri mbele ya umati. Mwenye nyumba hana nafasi ya kuuliza kitu kile kiliwekwa na nani. Akikataa kunywa dawa, kukataa kwake huhesabiwa ushahidi.

Ubaya mkubwa huja baada ya kamchape kuondoka. Wao huenda na fedha zao. Mtu waliyemtaja hubaki na jina la mchawi katika kijiji alichozaliwa. Mtoto wa jirani akifariki miezi sita baadaye kwa malaria, watu tayari wanajua mlango wa kwenda kugonga. Mara nyingi aliye nyuma ya mlango huo ni mzee, mjane, au mama asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea shamba.

Serikali ya kikoloni iliacha Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo bado ipo katika vitabu vyetu. Pamoja na mengine, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayeshukiwa. Lakini kumhamisha mzee hakufuti tuhuma. Humfuata huko aendako. Viongozi wa Kigoma wamewapiga marufuku kamchape zaidi ya mara moja, na bado vijiji vimeendelea kuwaita.

Askari walipovuka mstari

Wazo la kummaliza mtuhumiwa bila hakimu halikuishia vijijini. Limewahi kuwapata askari, katika sinema na katika maisha. Mwaka 1973 ilitoka Marekani filamu ya Magnum Force, mwendelezo wa Dirty Harry ya mwaka 1971. Mhusika mkuu ni mpelelezi wa San Francisco, Harry Callahan, aliyeigizwa na Clint Eastwood: askari mgumu, mwepesi wa bastola, asiyependa taratibu. Katika mwendelezo huo anachunguza mauaji ya wahalifu walioponyoka mahakamani, na anagundua kwamba wauaji ni askari vijana wa pikipiki, wakiongozwa na mkubwa wake wa kazi. Wanamtaka ajiunge nao, wakiamini mtu mkali kama yeye hawezi kukataa. Anakataa, na wanaazimia kumuua.

Miaka mitatu baadaye nchi yetu ilikabiliwa na jambo la namna hiyo, na watu halisi walikufa. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa imeelemewa na mauaji, yakiwamo ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Nia ya serikali ya kuyakomesha ilikuwa njema. Lakini mwaka 1976 maofisa wa polisi na usalama walikamata mamia ya watu na kuwatesa ili wakiri. Baadhi yao walifia mikononi mwa waliotumwa kulinda uhai.

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa ametoa amri ya kumtesa mtu, lakini askari walikuwa wa wizara yake, naye akabeba dhamana. Waziri mwenzake Peter Siyovelwa naye aliondoka, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa. Miaka minane baadaye Mwinyi alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wananchi hawakumdharau kwa kujiuzulu kwake, walimheshimu zaidi.

Somo la 1977 lilikuwa wazi: ubaya wa mtuhumiwa haumpi askari ruhusa ya kuwa hakimu. Hata hivyo, halikukaa vichwani mwa wote. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa Dar es Salaam. Polisi walidai kuwa ni majambazi waliouawa katika mapambano. Tume ya Jaji Musa Kipenka ilibaini kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ilichukua miaka kumi, hadi Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani afisa mmoja wa polisi mwaka 2016.

Sungusungu na mpaka wenye hofu

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukaongezeka. Karibu mwaka 1982 Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora waliunda Sungusungu: walinzi wenye pinde na mishale, filimbi na viapo. Wizi ulipungua, na chama tawala na serikali vikawaunga mkono. Lakini palepale palitokea vipigo, watu kutengwa, kufukuzwa vijijini na hata kuuawa, na tuhuma za uchawi zikachanganywa na za wizi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa Sungusungu uwezo wa kukamata. Kukamata, si kuhukumu. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ndiyo inayotenganisha ulinzi na mauaji.

Kigoma, jirani ya Tabora, ililipokea jina la Sungusungu katika mazingira magumu zaidi. Wakimbizi wa Burundi walimiminika mwaka 1993, wa Kongo mwaka 1996, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Ujambazi wa silaha ulishamiri kiasi kwamba kwa miaka mingi mabasi ya Kasulu na Kibondo yalisafiri na askari wenye bunduki. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Waliotekwa barabarani bado wapo na wanaikumbuka.

Lakini hofu ya kweli nayo huzaa dhuluma. Mei 1999, wilayani Kibondo, mwalimu Mtanzania aliuawa, na wakimbizi wakalaumiwa. Kisasi hakikumwendea aliyeua. Kiliwaangukia wanawake wa Burundi waliokuwa wametoka kambini kutafuta kuni, wakabakwa na kundi la wanaume. Mwalimu hakupata haki kwa kitendo kile. Palipokuwa na dhuluma moja pakawa na nyingi.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliwahi kukadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Ongeza vibaka waliochomwa kwa matairi mijini na wasafiri waliodhaniwa wezi. Magazeti yetu huandika kwamba waliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika panga na hakuna mtu mwenye jina aliyefanya hivyo.

Haki ikikaa mbali

Watetezi wa kujichukulia sheria mkononi husema polisi wako mbali, mahakama zinachelewa, na mtuhumiwa anayepelekwa kituoni asubuhi huonekana sokoni jioni. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Hadi miaka ya karibuni, mashauri ya Mahakama Kuu kutoka Kigoma yalikuwa chini ya Tabora, karibu kilomita 400 kwa reli. Shahidi mkulima wa Kasulu angesubiri kikao miaka, na baadhi ya mashahidi walifariki kabla ya kuitwa. Sasa Mahakama Kuu ina masjala mjini Kigoma, na mpango wa Polisi Jamii ulioimarishwa na aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), Said Mwema, baada ya 2006 ulileta wakaguzi wa polisi hadi ngazi ya kata.

Lakini tuangalie waliouawa Murufiti. Hakuna hata mmoja kati ya wale wazee aliyeponyoka mahakamani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupelekwa huko. Ucheleweshaji wa kesi hauwezi kuwa utetezi wa kumchoma mtu ambaye hakufunguliwa kesi yoyote. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ana hatia. Haki hiyo ni ya bibi wa Kasulu kama ilivyo ya waziri.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye mkutano wa kijiji, siku mchango wa kamchape unapopendekezwa. Mwenyekiti aukatae waziwazi na amwarifu mtendaji wa kata na polisi siku hiyohiyo. Mtoto akifariki, familia iende kituo cha afya iulize chanzo. Aliyemwona mwizi aandikishe maelezo, kisha aende mahakamani atakapoitwa. Polisi nao wafike mapema, wapeleleze kwa haraka, na wawashtaki wanaochochea sawasawa na wanaoua. Na wewe msomaji, ukisikia jina la mzee linatajwatajwa kijijini kwako, usisubiri usiku uingie: toa taarifa, na umchukue mzee huyo akae kwako mpaka polisi wafike.