Vidonge vya Mahenge

Darasa la tano, somo la hesabu, msichana wa dawati la mbele alianguka na kuanza kutupa mikono. Tulikimbilia mlangoni, mwalimu akiwa wa kwanza. Tulishaambiwa nyumbani kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umeupata.

Imani hiyohiyo ndiyo aliyoikuta Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norwei, alipofika kwa Wapogoro wa milima ya Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950. Mgonjwa alilala peke yake na kula peke yake. Akiangukia jikoni kwenye mafiga, watu walisita kumvuta. Ndiyo maana wengi wao walikuwa na makovu ya moto.

Mwaka 1960 akaanzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge. Usifikirie mashine za kupima ubongo. Palikuwa na daktari, daftari na maswali: nani alimwona akianguka, mkono upi ulianza kutetemeka? Dawa kubwa ilikuwa fenobabitoni, ambayo Ulaya ilishatumika kwa kifafa tangu 1912. Yaani karibu miaka hamsini kidonge cha bei rahisi kilikuwepo duniani, na watu wanaungua.

Ila kidonge hiki kina sharti. Ukikiacha ghafla, degedege hurudi kwa kufuatana, na linaweza kuua. Kwa hiyo tiba yenyewe ilikuwa safari: masika, matope, kivuko cha mto Kilombero, mzigo ufike kabla chupa haijaisha. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo historia ya hospitali zetu, kwenye stoo ya dawa kuliko kwenye chumba cha upasuaji.

Kuna jambo jingine aliloliona, nalo linaniuma. Watoto wengine walikuwa wakitikisa kichwa mbele na nyuma, kama anayesinzia. Akaliandika katika miaka ya 1960. Likakaa tu kwenye maandishi ya kitabibu mpaka miongo kadhaa baadaye, watoto wa kaskazini mwa Uganda na wa Sudan Kusini walipoonekana na hali hiyohiyo, ndipo dunia ikashtuka. Tafiti za karibuni zinaihusisha na usubi, minyoo inayoenezwa na inzi weusi wadogo wa mito iendayo kasi. Mahenge nako usubi upo tangu zamani. Namna hasa unavyoufikia ubongo bado wataalamu wanabishana.

Jilek-Aall alihamia Kanada, akafundisha chuo kikuu Vancouver, na akawa anarudi Mahenge mara kwa mara. Kitabu chake cha 1979, *Call Mama Doctor*, kiko kwa Kiingereza. Basi.

Yule msichana wetu hakurudi shule muhula uliofuata. Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa saa moja kwa basi.