Kuhesabu Heroe kwa Picha za Angani katika Bonde la Ufa, 1954–1976

Hadi katikati ya karne ya 20, wataalamu wa ndege hawakuwa na hakika heroe wadogo wa Bonde la Ufa walizalia wapi. Walionekana kwa malaki katika maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria, wakila mwani wa maji ya magadi, viota havikuonekana. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni, aliruka kwa ndege juu ya Ziwa Natron, upande wa Tanganyika, akaona heroe wakiatamia katikati ya tope. Alipojaribu kuwafikia kwa miguu, magadi yalimbabua vibaya hata akalazwa hospitalini. Ziwa la namna hiyo halihesabiki kwa kutembea.

Lakini kupaa peke yake hakukutosha. Kiswahili huita vyote viwili ndege, kile chenye injini na chenye manyoya, na taabu ya kazi hii ilitokana na kasi ya kimoja na wingi wa kingine. Mtu anayepita juu ya kundi la maelfu ana sekunde chache tu za kutazama, na jicho likizidiwa hukisia, mara nyingi kwa kupunguza. Mwongozo wa Mike Norton-Griffiths kuhusu kuhesabu wanyama kutoka angani, uliotokana na kazi za Serengeti na kutolewa mwaka 1975, ulishauri makundi makubwa yapigwe picha, yahesabiwe baadaye mezani.

Mezani ndiko kazi ilikokuwa ngumu. Picha ilikuzwa, ikagawanywa kwa mistari ya miraba, na kila ndege akatiwa alama ili asihesabiwe mara mbili. Picha zilizopigwa kwa mfululizo hupishana kingo, hivyo mpaka wa kila moja ulipaswa kuchorwa kwanza. Picha ya mshazari huonyesha eneo pana, ila walio mbali hufunikana. Ya wimawima huwatenganisha vizuri zaidi, lakini hulazimisha rubani apite juu ya kundi lenyewe, na kundi likishtuka huruka. Vifaranga ni wa kijivu, hivyo hupotea kwa urahisi katika rangi ya tope. Afadhali viota: heroe hutaga yai moja tu, na kichuguu chake cha udongo hakiruki.

Hata picha safi ilijibu swali la ziwa moja kwa siku moja. Mwaka 1962 Natron ilifurika, na heroe wakahamia Ziwa Magadi, ambako makadirio ya Brown yalizidi jozi milioni moja. Huko chumvi iliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, na watu wakaingia ziwani kuwavunjia maelfu kwa mikono. Aliyeitazama Natron pekee mwaka ule angedhani heroe wametoweka.

Kwa sababu hiyo uchunguzi wa Tuite, aliyefuatilia heroe wadogo wa maziwa ya Bonde la Ufa la mashariki kati ya 1974 na 1976, una uzito kuliko hesabu nyingi zilizoutangulia: ulilichukulia kundi lote kuwa moja linalohamahama, si mali ya ziwa fulani. Wakati wenyewe ulikuwa mwembamba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Heroe waliendelea kuuvuka usiku bila kibali.

Hesabu hizo hazikubaki za wataalamu pekee. Katikati ya miaka ya 2000, mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron ulipozua mabishano, watetezi wa ziwa walishika hoja moja: heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutegemea mahali hapo kuzaliana kuliko pengine popote. Waliotaka kiwanda waliweza kutaja ajira na tani za magadi. Upande wa pili haungekuwa na jambo la kupimika la kuweka mezani, lau si wale waliokaa miaka mingi wakitia alama juu ya picha.