KUMBE NI CHUPA ILE ILE! Dawa Tamu Iliyozima Figo za Watoto Kuanzia 1937 Mpaka 2022

Mtoto anachemka homa usiku. Mama anafungua kabati, anatoa chupa ya dawa ya maji, anapima kijiko. Dogo anameza bila kusumbua kwa sababu dawa yenyewe ni tamu. Siku inayofuata anaanza kutapika, tumbo linamuuma, halafu kinakuja kitu ambacho mama yeyote anakiona haraka: pampasi iko kavu. Asubuhi kavu, jioni kavu, kesho yake kavu vilevile.

Ndivyo ilivyokuwa nchini Haiti kuanzia Novemba 1995. Watoto waliletwa hospitali mjini Port-au-Prince wakiwa wamevimba na hawatoi mkojo. Madaktari walijua figo zimegoma, hilo halikuwa fumbo. Kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini kikipanda, maana yake uchafu uliotakiwa kutoka na mkojo umebaki mwilini. Fumbo lilikuwa moja tu: figo zimegoma kwa sababu gani?

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowapiga chenga madaktari. Mtoto alikuwa na homa kabla ya figo kufeli, kwa hiyo akili inakimbilia kwenye homa. Labda ni malaria, labda ni kirusi, labda aliharisha mpaka akaishiwa maji. Dawa aliyopewa kutuliza homa hakuna anayeifikiria. Nani atamshuku msamaria aliyekuja kusaidia?

Miezi ikakatika. Mpaka Juni 1996 watoto 109 walikuwa wameugua. Wachunguzi wakaamua kufanya kitu kinachoonekana kidogo lakini ndicho kilichovunja kesi: waliwauliza wazazi mtoto alimeza nini kabla ya kuugua, kisha wakalinganisha majibu na ya wazazi ambao watoto wao figo zilikuwa nzima. Jibu likawa lilelile kila walipogeuka. Dawa ya maji ya homa, aina ya parasetamoli, iliyotengenezwa hapohapo nchini.

Chupa zilizotoka majumbani zikapelekwa maabara. Ndani kulikuwa na daithilini glaikoli, kemikali inayotumika kwenye mafuta ya breki na kwenye dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande. Ni nzito, haina rangi, na ni tamu. Ukiiweka pembeni ya glisirini, ile inayotumika kulainisha dawa za maji, kwa macho hutazitofautisha. Tofauti ni kwamba glisirini ni salama, na hii ikifika mwilini inageuzwa kuwa asidi inayoua chembe za figo. Ukiacha kipimo cha maabara, tofauti nyingine inayoonekana haraka ni bei: yenye sumu ni rahisi zaidi.

Mapipa yaliyofika kiwandani yalikuwa yameandikwa glisirini. Yalianzia China, yakapitia mikononi mwa madalali wa Ulaya, na kiwandani yakaaminiwa kwa lebo tu.

Sasa sikia sehemu inayoumiza zaidi. Kati ya watoto 87 waliotibiwa Haiti na habari zao zikajulikana, 85 walifariki. Wengine 11 walipelekwa Marekani, ambako kulikuwa na mashine za kusafisha damu na vyumba vya wagonjwa mahututi. Kati yao 8 walipona. Sumu ni moja, umri ni uleule, ila hospitali zilikuwa tofauti.

Na cha ajabu, dunia ilikuwa inaijua sumu hii kwa karibu miaka 60.

Rudi Marekani, 1937. Kiwanda kimoja cha Tennessee kilikuwa kinauza vidonge vya salfa vilivyotibu koo na maambukizi mengine. Wateja wakataka dawa hiyo ya maji. Mkemia wa kiwanda akatafuta kitu cha kuiyeyushia, akaipata daithilini glaikoli, akatia ladha ya matunda, wakaangalia harufu, rangi na utamu, dawa ikaingia sokoni. Hakuna aliyeijaribu hata kwa panya, maana sheria haikudai.

Madaktari wa mji wa Tulsa, Oklahoma, ndio waliopiga kengele. Waliona wagonjwa, wengi wao watoto, wanakufa bila kutoa mkojo, na wote walikuwa wamekunywa dawa hiyo mpya. Waliokufa walikuwa zaidi ya 100, wakiwemo watoto 34. Wakaguzi wa serikali walizunguka nchi nzima kukusanya chupa moja moja. Lakini kisheria kosa walilolishika halikuwa kuua. Lilikuwa jina! Dawa iliitwa kwa neno lililomaanisha kuna pombe ndani, na pombe haikuwepo. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapitisha sheria kwamba dawa mpya lazima ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa.

Kuna dada mmoja hapo katikati. Alikuwa mwanafunzi kwenye maabara ya Chicago iliyowapa wanyama dawa ile na kuthibitisha kipi hasa kinaua. Mwaka 1960 dada huyohuyo, sasa mkaguzi wa dawa serikalini, alikataa kuidhinisha thalidomaidi, dawa iliyokuja kusababisha maelfu ya watoto wa nchi nyingine kuzaliwa na viungo vilivyokatika. Somo la 1937 hakulisahau.

Wengine walilisahau. Mwaka 1990 ikawa Nigeria, watoto wa Jos. Kisha Haiti. Nigeria tena mwaka 2008. Julai 2022 daktari wa figo nchini Gambia akaona watoto wadogo wanaingia wodini mfululizo bila mkojo. Nchi haikuwa na maabara yake ya kupima dawa, sampuli zikapelekwa nje. Tarehe 5 Oktoba, Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu dawa nne za maji kutoka India. Gambia ilipoteza watoto wapatao 70. Mwezi huohuo Indonesia nayo ilisimamisha uuzaji wa dawa za maji, na huko waliokufa walipita 200.

Angalia kesi zote hizi. Damu ilisema figo zimekufa, lakini haikumtaja muuaji. Aliyemtaja ni mzazi aliyeulizwa swali na chupa iliyobaki nyumbani. Na si dawa chafu peke yake. Hata dawa halali kama ibuprofeni kwa mtoto aliyeishiwa maji, au sindano za jentamaisini, zinaweza kuumiza figo.

Kwa hiyo mtoto akikata mkojo, usisubiri kesho. Mkimbize hospitali, na ubebe kila alichomeza: chupa, boksi, hata ile ya kienyeji aliyoleta shangazi. Usiitupe kwa kuogopa kugombezwa. Lile tone lililobaki chini ya chupa linaweza kumwokoa mwanao, na mtoto wa jirani ambaye bado hajapewa kijiko.

Wewe je, huwa unasoma lebo ya dawa ya mtoto au unaangalia ladha tu? Shusha komenti yako hapo chini.