Geti la Majengo na Swali Lililoachwa Langoni

Jioni moja mtaani Majengo, Nyeri, nilimkuta kijana wa kuchomelea vyuma akiwa amenuna. Alikuwa ametengeneza geti safi kabisa. Mteja akalipa nusu, akalibeba, na sasa hashiki simu.

"Mliandikiana?" nikamuuliza.

"Wapi! Tuliaminiana tu."

Chuoni walimfundisha kupima, kukata na kuchomelea. Mambo ya kuandikiana hayakuwa kwenye somo. Nilitaka kumlaumu, lakini pengo hilo ni la zamani kumliko.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ya Marekani ilizuru Kenya, ikapendekeza Mwafrika apewe elimu ya "kumfaa": kilimo, afya, kazi za mikono. Mfano wao ulikuwa Hampton na Tuskegee, shule za Wamarekani weusi. Miaka hiyohiyo serikali ikafungua kituo cha mafunzo ya ufundi Kabete. Ilitaka maseremala na waashi. Watu wa kuuliza kuhusu kodi, kipande na ardhi, hapana.

Wazee wa Kikuyu waliusoma mchezo mapema. Baada ya mzozo wa tohara ya wasichana mwaka 1929, wengi walihama shule za misheni wakajijengea zao, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Jembe hawakulidharau, wangelidharauje na wao ni wakulima? Ila walikuwa wameona ardhi ikienda kwa karatasi, wakataka watoto wanaojua kuisoma hiyo karatasi. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule hizo zikafungwa.

Halafu ikaja Wamumu, kule Mwea. Kuanzia 1955 vijana waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau walipelekwa huko wakafundishwa ufundi, gwaride na nidhamu. Tuseme ukweli, wengi walitoka na ujuzi. Lakini swali lililowafikisha kizuizini, la nani mwenye ardhi, ndilo walilotakiwa kuliacha langoni.

Politekniki za vijiji zilizaliwa baada ya ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966, iliyouliza aliyemaliza shule ya msingi aende wapi. Wazo lilikuwa zuri. Wazazi wetu lakini walizigeuza tisho: usiposoma, utaishia politekniki! Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti.

Leo tunaambiwa mafundi wafundishwe stadi za maisha na kufikiri kwa kina. Safi. Ila mara nyingi nikisikiliza vipindi hivyo nasikia kufika mapema, kuvaa vizuri, kujibu maswali ya mwajiri. Ni Wamumu yenye tai. Na huyu wa Majengo hata mwajiri hana.

Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukaandika hesabu ya geti linalofuata: vyuma, rangi, stima, siku tatu za kazi. Alipofika kwenye siku zake akainua kalamu.

"Na mimi nijiandikie ngapi?"

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena, zaidi kidogo.